Aliyepokea Dawa ya Mtoto

Jumatatu asubuhi, nikiwa mezani natafuta la kuwaandikia wiki hii, alinipigia simu mama mmoja anayeuza samaki wa barafu jirani na stendi ya Makambako. Mama huyu hanipigii hivi hivi. Alinisalimia kamwene, salamu ya kwetu, akamuulizia mtoto, akamuulizia baba wa mtoto, akaulizia baridi ya Njombe, na salamu zilipozidi kurefuka nikajua kuna msiba nyuma yake, maana kwetu huku habari mbaya haiingii ndani kabla ya kupiga hodi mara tatu. Mwishowe akasema, "Yule mwenzetu wa vifurushi ametutoka jana." Nilimuuliza ameumwa nini, akasema ni mguu tu, mguu uliovimba, halafu kifua kikambana na hakufika jioni. Nikamwambia pole, naye akanipa pole, tukakata simu. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa, na sikuandika hata mstari mmoja siku ile.

Marehemu alikuwa wakala wa basi. Si mwenye basi, wala si dereva anayepigiwa honi njia nzima. Alikuwa mtu wa kadirisha kadogo stendi, anayepokea vifurushi vinavyoshushwa kutoka Dar es Salaam na kuvitunza mpaka mwenyewe aje: vipuri vya pikipiki, vyeti vya shule, suti za bwana harusi, wigi, chanjo ya kuku. Miaka zaidi ya kumi alikaa juu ya kiti kile kile cha mbao, koti limefungwa mpaka kidevuni kwa sababu ya upepo wa Makambako, miguu ikining'inia chini ya meza. Magazeti hayawaandiki watu kama yeye. Mimi namwandika kwa sababu mtoto wangu yuko hai, na yeye ana sehemu yake katika hilo. Ninayo sababu nyingine pia, na hiyo ndiyo inayonichosha tangu Jumatatu.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanakumbuka kwamba kuna mwaka safu hii ilikuwa inatoka kwa kudonoadonoa. Sikueleza kwa nini. Nilikuwa nimepoteza mimba ya miezi sita, na wiki mbili baadaye mguu wangu wa kushoto ukakataa kiatu. Nikatembea hivyo hivyo, kulia kiatu, kushoto ndala ya mume wangu, nikiwaambia watu ni uchovu. Nilipofika hospitali Njombe daktari aliubonyeza mguu, akapima, akasema kuna bonge la damu ndani ya mshipa, na kwamba lingepanda kwenye mapafu leo hii asingekuwa anaongea na mimi. Nilitibiwa nikapona. Nilipokuja kushika mimba tena, daktari yule yule akaniandikia sindano za kuzuia damu isigande, moja kila siku, bila kuruka, mpaka karibu na kujifungua. Nakumbuka alinieleza kwa utulivu kwamba dawa ile si ya wajawazito peke yao. Hupewa mtu yeyote, mke kwa mume, ambaye damu yake inaganda mahali pasipo pake. Nalitaja hilo mapema ili msije mkanihurumia mbele ya safari. Nililijua tangu siku ya kwanza.

Kujidunga nilifundishwa kwa parachichi. Muuguzi alichukua parachichi lililoiva vizuri, akaniambia, "Hili ndilo tumbo lako," nikalitoboa mara kumi na mbili mpaka mkono ukazoea. Bahati mbaya parachichi haliumi wala halina mtoto ndani. Jioni ya kwanza nyumbani mume wangu alijitolea kunidunga. Huyu ni mfanyabiashara wa mbao, mtu anayeshinda karibu na msumeno unaopasua gogo zima, lakini alipoiona ile sindano nyembamba mbele ya tumbo langu akakaa chini mwenyewe, jasho limemtoka katika baridi ya mwezi wa saba. Basi nikajidunga. Kila siku saa moja jioni, leo kulia kwa kitovu, kesho kushoto, huku natazama ukutani. Baada ya mwezi tumbo langu lilikuwa na madoa ya bluu na ya njano, na mama mkwe alipoyaona siku moja nikibadili kitenge alimwita mwanawe nje akamgombeza kwa Kibena nusu saa nzima, akidhani ananipiga. Tulicheka baadaye. Kwa kweli ni moja kati ya mambo machache tuliyoyacheka miezi ile.

Watu hudhani kinachochosha ni sindano. Sindano ni ya dakika moja. Kinachochosha ni saa nyingine zote. Nilikuwa naamka nikiugusa mguu kabla sijafumbua macho vizuri. Mtoto akicheza naogopa, asipocheza naogopa zaidi. Nikiona tone la damu kwenye mswaki nawaza limetoka kwa sababu ya dawa. Nisipoliona nawaza pengine dawa haifanyi kazi. Watu kanisani walinipongeza kwa tumbo nami nikaitikia asante kwa sauti ya mtu anayepewa mzigo wa kubeba. Sikununua hata kofia moja ya mtoto. Nilichoka kwa namna ambayo usingizi hauigusi, na mtu aliyechoka hivyo huwa na jambo moja tu analolitaka, yaani kila anayemsemesha amalize haraka.

Sindano zenyewe maduka ya dawa ya kwetu hayakuwa nazo kila wakati, kwa hiyo mdogo wangu alizinunua Dar akazituma kwa basi la Tunduma, ambalo hupita Makambako, tulikokuwa tunaishi siku hizo. Ndivyo nilivyomfahamu marehemu. Kila baada ya wiki mbili alinipigia na kusema, "Mama, dawa ya mtoto imefika." Sikumwambia mimi kuwa ni dawa ya mtoto. Aliona tumbo, akaona maandishi ya duka la dawa juu ya boksi, akajumlisha. Nami sikumsahihisha. Jina lilikuwa zuri, na maelezo yangekuwa marefu.

Sasa niwasimulie siku ya barafu. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa saba. Nilikwenda kliniki Njombe, presha ikapanda, wakanilaza siku mbili. Nilikuwa na sindano mbili mkobani, nikazitumia zote, na boksi jipya lilikuwa limeshashuka Makambako likinisubiri. Niliporudi saa nne asubuhi nilipitia moja kwa moja kwenye kadirisha. Marehemu aliniona kwa mbali akatabasamu, akainuka, akaenda kwa yule mama wa samaki, akafungua friza lake, na kutoka katikati ya sato waliokauka kwa barafu akatoa boksi langu. Alilifuta kwa mkono wa koti. "Nimekutunzia, mama," akasema. "Halijapata joto hata dakika moja."

Ili mumwelewe, lazima niwaambie habari za kuku. Mwaka mmoja kabla ya hapo alipokea chanjo ya kideri kutoka Dar, mwenyewe akachelewa kuja, kifurushi kikakaa juani siku nzima. Chanjo ikaharibika, na kuku wa mama mmoja mjane wakafa banda zima. Hakuna aliyemshtaki. Lakini yule mama alikuja pale dirishani, hakugomba, alisema tu kwamba kuku wamekwisha, akaondoka. Tangu siku ile marehemu alijiwekea sheria: kifurushi chochote chenye neno dawa kikilala kwake, kinalala ndani ya friza la samaki. Maboksi yangu yaliyotangulia yalinusurika kwa sababu nilikuwa nayachukua siku ile ile. Alikuwa amejifunza kosa lake vizuri mno, na somo la kuku akalileta kwangu.

Nilifungua boksi pale pale. Karatasi ya ndani ilisema wazi dawa isigandishwe. Nilimpigia mfamasia, akasema nisizitumie, hata moja. Nilimtazama marehemu, yeye akalitazama tumbo langu. Akavua kofia. Akaniuliza polepole, "Mama, nimemdhuru mtoto?" Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, sindano yangu ilikuwa ya saa moja jioni, na daktari alikuwa ameniambia nisiruke hata siku moja. Nikakaa juu ya gunia la mtu nikalia mbele ya abiria, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya kuipoteza ile mimba ya kwanza.

Hapo ndipo nilipouona utaratibu wa watu hawa. Mawakala wa barabara kuu, kutoka Dar mpaka Tunduma, wanafahamiana kwa sauti, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Hawaitani majina. Kila mmoja anaitwa kwa mji wake. Marehemu alifunga dirisha lake, jambo ambalo jirani zake walisema hawajawahi kuliona mchana, akashika simu. "Mafinga, hapa Makambako. Nina mgonjwa." Mafinga hakukuwa na dawa. "Iringa, hapa Makambako. Nina mgonjwa." Na yule Iringa, mtu nisiyemjua kabisa, akaacha vifurushi vyake akatembea duka hadi duka mpaka akapata sindano nne. Mume wangu akatuma picha ya cheti cha daktari kwa simu, mfamasia wa huko akakubali. Basi la kampuni yao lilikuwa limeshapita. Iringa akalisimamisha basi la kampuni ya wapinzani wao, watu ambao husalimiana nao kwa shida, na konda wake akalibeba boksi mkononi njia nzima. Marehemu alisimama barabarani kwenye upepo tangu saa tisa. Saa kumi na moja jioni alinikabidhi. Juu yake, kwa kalamu nene, Iringa alikuwa ameandika alivyoagizwa: USIWEKE BARAFU, USIWEKE JUANI, MPE MAMA MKONONI. Saa moja kamili nilijidunga, upande wa kushoto.

Tangu siku ile alinitengea droo ya meza yake, akatoa stakabadhi zote, akaweka boksi langu peke yake. Aliniuliza masharti ya dawa nikamtajia matatu: isigande, isipate jua, isichelewe. Aliyaandika ukutani. Hakuniuliza inatibu nini, na mimi sikumwambia. Nimelifikiria jambo hili sana wiki hii. Nchi hii inaishi juu ya migongo ya watu wanaobeba wasichokijua. Dawa zetu, majibu ya vipimo vyetu, vyeti vya watoto wetu, vyote vinapita mikononi mwa mtu wa kadirishani tunayemwambia "asante mzee" huku tumeshageuka. Tunampa masharti ya mzigo, hatumpi maana yake. Tunaamini kwamba kwa kuwa anashika vitu vyetu kila wiki, basi yeye mwenyewe hana chake cha kushika. Mimi niliyeandika safu nyingi kuhusu utu sikujua hata siku moja ana watoto wangapi. Ni wanne. Nimejua msibani.

Binti yangu alizaliwa salama, kwa upasuaji, akilia kwa hasira kama mtu aliyecheleweshwa. Sindano ziliendelea wiki sita baada ya hapo, halafu zikaisha. Nilizikusanya zile tupu kwenye dumu nikazirudisha hospitali, tukahamia Njombe, na nikaamua kwamba habari za boksi lile sizitaki tena. Mtu akinisimulia mimba yake nilibadili mazungumzo. Ndugu akiniomba niongee na mke wa fulani aliyepoteza mtoto nilisema nina kazi. Nilidhani hiyo ndiyo kupona.

Mwezi uliopita nilipita Makambako na mtoto mgongoni, kutuma parachichi kwa mdogo wangu Dar. Marehemu alifurahi, akamshika mtoto kidole, akamwita boksi. "Boksi amekua," akasema. Alikuwa amezunguka nje ya kadirisha kake kunipokea, na nilimwona miguuni: kulia kiatu, kushoto ndala. Nililiona hilo, wasomaji wangu. Nikawaza labda funza, labda kiatu kipya. Mtoto alikuwa analia, basi la Njombe lilikuwa linaunguruma, konda anagonga bodi akiniita. Marehemu akakohoa kidogo akaniuliza, "Eti mama, ile dawa ya mtoto, mtu mzima tu asiye na mimba anaweza kuitumia?" Mimi ni mtoto wa nyanda hizi, najua wanaume wa kwetu wanavyougua. Hawasemi naumwa. Wanauliza habari za dawa, tena kama ni za mtu mwingine. Wanazunguka nyumba mara mbili kabla ya kugonga mlango. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini nilisikia neno lile, dawa ya mtoto, na kila kitu ndani yangu kikachoka upya, nikataka amalize. "Hapana, baba," nikamwambia, "ile ilikuwa ya mtoto." Akasema haya mama, safari njema. Nikakimbilia basi.

Tulimzika Jumatano, kijijini kwao nje ya Makambako. Kwaya ya usharika iliimba, watu wamejikunja ndani ya makoti, udongo ulikuwa mwekundu na mzito kwa mvua. Baada ya ibada walisogea watu watano nisiowafahamu, wamevaa makoti ya kampuni za mabasi, kampuni tofauti tofauti. Walikuwa wanatambulishana wao kwa wao pale kaburini kwa mara ya kwanza. "Mimi ni Mafinga." "Mimi ni Igawa." Mmoja mfupi, mwenye mvi, akasema yeye ni Iringa, nami nikamfuata nikamwambia mimi ndiye mama wa lile boksi. Alinishika mikono yote miwili. Hakuuliza habari zangu. Aliuliza, "Mtoto yupo?" Nikamwonyesha, alikuwa amelala mgongoni kwa mume wangu. Akamtazama, akasema basi sawa, akaenda kushika koleo.

Nilimkuta mjane ndani, amekaa juu ya mkeka na wanawake wenzake. Nilimpa pole. Alinifahamu kabla sijajitaja. Marehemu alikuwa akimsimulia habari zetu. Akanieleza kwamba mguu ulianza kuvimba baada ya mwaka mpya, kwamba alikuwa akiukanda kwa maji ya moto kila jioni, na kwamba alipomsihi aende hospitali alimjibu asubiri kwanza. Siku ya mwisho, hospitali waliwaambia ni bonge la damu lililotoka mguuni. Halafu akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayenieleza jambo la heshima, "Alisema ameshamuuliza mwenye kuijua dawa. Alisema umemwambia si ya watu kama yeye."

Wanawake waliokuwa karibu wakaitikia kwa vichwa. Nilitaka kunyamaza. Ilikuwa rahisi kunyamaza, maana hakuna aliyekuwa ananilaumu. Lakini ukweli wa dawa ile nilikuwa nimeshaunyamazia mara moja na nimeona matunda yake. Nikamwambia, "Mama, aliniuliza, na nilimjibu vibaya. Dawa ile ilikuwa ya watu kama yeye. Nilikuwa na haraka." Akashusha macho akanyoosha kitambaa kwenye goti lake, akasema, "Na yeye alikuwa na haraka ya kuniaminisha kwamba hana kitu." Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe, na sikuwa na haki ya kumuuliza.

Sijui kama jibu langu lingemwokoa. Daktari wa Njombe, nilipomweleza, aliniambia nisijipe kazi ya Mungu. Lakini najua jibu lile lilimrudisha kwenye kiti chake cha mbao kwa wiki tatu zaidi, miguu ikining'inia. Tunawafundisha watoto kwamba kuuliza si ujinga, na ni kweli, lakini sikumbuki darasa lolote tulilofundishwa kujibu. Mtu akikuuliza swali dogo huku amesimama, na hujui kwa nini ameuliza, nawe umechoka, mrudishie swali moja tu: unamuulizia nani? Maneno mawili. Mimi sikuyasema.

Kwa hiyo naandika jibu lake hapa, kwa kuchelewa, kwa ajili ya mwingine atakayelihitaji. Hapana baba, haikuwa dawa ya mtoto. Ni ya mtu yeyote ambaye daktari amempima akaona damu yake inaganda mahali pasipo pake, na mguu mmoja ukivimba peke yake na kuuma, usiukande, usisubiri, wala usimuulize mwandishi wa gazeti. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Nimeyasoma maneno haya kwa sauti, taratibu, huku nikitazama saa. Hayafiki hata dakika moja. Na lile basi la Njombe nililolikimbilia lilikaa pale stendi nusu saa nzima likisubiri abiria, mimi nikiwa nimekaa dirishani, yeye akiwa ng'ambo ya pili kwenye kiti chake, tunatazamana.